Pua Si Kipimo: Nyuzi za Fuwele Kioevu na Mvuke wa Karakana

Ukiingia gereji ya kupiga rangi magari, harufu ya thina hukupokea kabla ya fundi. Ukikaa humo robo saa, unaanza kuisahau. Hewa haijabadilika hata kidogo, pua imezoea. Fundi aliyeshinda humo tangu asubuhi atakuapia kwamba rangi ya leo haina harufu kali, na kwa upande wake anasema kweli, kwa sababu pua yake ilishaacha kumpa taarifa saa nyingi zilizopita.

Hilo ndilo tatizo ambalo watafiti wa nyuzi za fuwele kioevu wanajaribu kulitatua. Wanatengeneza uzi mwembamba sana wenye kimiminika maalumu ndani yake, ambao sura yake hubadilika mvuke wa kemikali unapozidi hewani. Hauhitaji betri wala umeme, na unausoma kwa macho. Bado hauuzwi dukani, lakini namna unavyofanya kazi inamfaa kuijua kila mpiga rangi, seremala, fundi viatu, msusi anayeshinda na asetoni na mwenye nyumba anayepaka vanishi milango yake. Makala hii inaueleza uzi huo, halafu inasema la kufanya leo, maana mapafu hayangoji maabara.

Tuanze na mvuke wenyewe. Thina, gundi ya viatu, rangi za mafuta, vanishi na petroli zina kemikali zinazogeuka mvuke upesi hata kwenye joto la kawaida. Toluini ni mojawapo inayopatikana sana katika thina na gundi. Ukiivuta, huumiza kichwa, huleta kizunguzungu na kichefuchefu, na hupunguza wepesi wa akili, jambo la hatari kwa mtu aliyeshika msumeno au aliyepanda ngazi. Ikivutwa miaka mingi, huharibu usikivu wa masikio, hasa pale penye kelele za kompresa na mashine za kusaga. Benzini, iliyomo kwenye petroli, ni mbaya zaidi kwani husababisha saratani ya damu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kazi yenyewe ya upakaji rangi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Wataalamu hupima mvuke hewani kwa sehemu kwa milioni. Nchini Marekani, sheria ya usalama kazini inaruhusu wastani wa sehemu 200 za toluini kwa milioni katika zamu ya saa nane. Taasisi ya utafiti ya huko, NIOSH, inaona hizo ni nyingi na inapendekeza 100. Zikifika 500, taasisi hiyo inaihesabu hewa hiyo kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai na afya.

Namba hizi zinaonekana za mbali mpaka uzilete chumbani. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5, chenye dari ya mita 3, milango na madirisha yamefungwa. Mimina toluini ujazo wa chupa ndogo ya soda, mililita 300, ikauke yote. Hewa ya chumba hicho itakuwa na takriban sehemu 1,150 kwa milioni, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha hatari ya papo hapo. Mililita 50 tu, vijiko vikubwa vitatu na ushee, zinatosha kufikisha chumba chote karibu na mpaka wa sehemu 200. Na mpiga rangi wa gari moja hatumii vijiko.

Hapo wengine watasema: si kuna vipima gesi? Vipo, lakini ujue ulichonunua kinapima nini. Vingi vimetengenezwa kuzuia moto. Mvuke wa toluini huanza kuweza kuwaka ukifika karibu asilimia 1.1 ya hewa, yaani sehemu 11,000 kwa milioni, na vipima moto vingi vya kazini huwekwa vipige kengele hewa ikifika asilimia 10 ya kiwango hicho. Asilimia 10 ya 11,000 ni 1,100. Kwa hiyo fundi anaweza kuanguka kwa kizunguzungu chini ya kipima gesi kizima, chenye betri mpya, kilichonyamaza kimya. Kinafanya kazi yake sawasawa. Kazi yake ni kulinda jengo lisiungue. Vipima vya kulinda mapafu navyo vipo, lakini ni ghali, huhitaji kurekebishwa mara kwa mara na mtu anayejua, na karakana ndogo haivioni.

Katika pengo hilo ndipo fuwele kioevu zinapoingia.

Mwaka 1888, Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi Prague, alipasha moto kemikali aliyoitengeneza kutokana na kolesteroli ya karoti. Iliyeyuka kwenye sentigredi 145.5, ila kimiminika chake kilikuwa na ukungu. Alipoendelea kuipasha mpaka 178.5, ukungu ukatoweka, kikawa safi kabisa. Alikuwa ameona hali ya maada iliyo kati ya fuwele na kimiminika cha kawaida. Molekuli za vitu vya namna hiyo huwa ndefu na nyembamba. Hutembea na kupishana kwa uhuru, huku zote zikielekea upande mmoja, mfano wa kundi la dagaa baharini. Mpangilio huo ndio unaoipinda na kuitawanya nuru, na ndio uliouleta ule ukungu.

Kwa miongo mingi ugunduzi huo ulibaki udadisi wa maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, George Gray na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walitengeneza fuwele kioevu zinazodumu na kufanya kazi kwenye joto la chumba. Kutoka hapo tukapata vioo vya saa za dijiti na vikokotoo, na baadaye runinga bapa na simu. Mojawapo ya kemikali za Gray, 5CB, ndiyo inayotumika mpaka leo katika majaribio mengi ya kunasa mvuke.

Sababu yake ni hii. Mvuke wa toluini huyeyuka kwa urahisi ndani ya 5CB. Kila molekuli ya toluini inayopenya inaulegeza kidogo ule mwelekeo mmoja. Mvuke ukiwa mwingi vya kutosha, mpangilio wote huvunjika na ukungu hutoweka, sawa na alivyoona Reinitzer, ila safari hii bila moto. Mvuke ukiondoka, toluini nayo hutoka ndani ya 5CB, mpangilio hurudi na ukungu hurudi. Kimiminika hicho basi kinaweza kukuonya leo na kukuonya tena kesho.

Lakini kimiminika hakitundikwi ukutani. Kikipakwa kwenye kioo hujikusanya matone na kutiririka. Ndipo likaja wazo la kukiweka ndani ya uzi. Mwaka 2008, Jan Lagerwall na wenzake walionyesha kwamba inawezekana, na baadaye kundi lake katika Chuo Kikuu cha Luxembourg likaendelea na kazi hiyo. Njia yao hutumia sindano mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani hutoa fuwele kioevu. Ya nje hutoa polima iliyoyeyushwa. Umeme wa maelfu ya volti huvuta tone kutoka ncha ya sindano na kulirefusha kuwa uzi mwembamba sana, wa mikromita chache tu. Polima hukauka hewani ikawa ganda, fuwele kioevu ikabaki ndani. Nyuzi hizo hujirundika zikawa kitambaa chembamba cheupe kisichofumwa. (Kwa vijana wabunifu wanaosoma hapa: mashine hii inaweza kuundwa chuoni, lakini umeme wake unaua. Usiijaribu sebuleni.)

Mwaka 2016, watafiti wa Luxembourg walichapisha matokeo ya kitambaa cha namna hiyo kilichonasa mvuke kwenye joto la kawaida bila kifaa chochote cha elektroniki. Weupe wake hupungua mvuke unapoingia. Ukikitazama kati ya vichujio viwili vya nuru vilivyokingamana, tofauti huonekana wazi zaidi: palipong'aa huwa giza. Ziko pia fuwele kioevu za aina nyingine, ambazo molekuli zake hujipanga kwa kuzunguka mithili ya ngazi ya mnara. Hizi huakisi rangi, na rangi hiyo husogea joto au mvuke ukibadilika. Vile vibandiko vya plastiki vya kupima homa kwenye paji la uso wa mtoto hutumia aina hii. Kwa mtumiaji wa kawaida, uzi unaobadili rangi ungekuwa rahisi kusoma kuliko ule unaofifia weupe, na kama ningeulizwa, huko ndiko ningetia fedha.

Uzi una faida nyingine juu ya tone. Nyuzi nyembamba zikiwa nyingi huwa na eneo kubwa la kukutana na hewa, hivyo mvuke huingia na kutoka upesi. Kitambaa hupindika, hushoneka, hukatika kwa mkasi. Kinaweza kuwa kipande kifuani mwa ovaroli, au utepe ndani ya kichujio cha barakoa ya mvuke. Hiyo barakoa, kwa maoni yangu, ndiyo mahali pake bora kuliko pote. Kichujio chake kina mkaa maalumu unaonasa mvuke mpaka unajaa, na ukijaa mvuke unapita. Mafundi wengi hujua kimejaa pale tu wanapoanza kusikia harufu ndani ya barakoa, yaani tumerudi kule kule kwa pua. Utepe unaobadilika karibu na tabaka la mwisho la mkaa ungewaambia mapema.

Sasa mapungufu, na hapa msomaji wa ukanda wetu asikilize kwa makini, kwa sababu majaribio mengi yamefanyika kwenye maabara zenye ubaridi wa Ulaya.

Joto ndilo la kwanza. 5CB hupoteza mpangilio wake kwenye sentigredi 35 hata kama hakuna mvuke wowote. Chini ya paa la bati Mombasa, Dodoma au Kisumu saa nane mchana, joto hilo si ajabu. Kihisi cha 5CB pale kingepiga kelele ya uongo kila siku ya jua, na fundi angekizoea kama alivyoizoea harufu. Tena, kadiri joto linavyosogelea 35 ndivyo mvuke kidogo zaidi unavyotosha kukibadilisha, kwa hiyo kihisi kile kile kinakuwa na mpaka mmoja asubuhi na mwingine mchana. Dawa ipo: mchanganyiko uitwao E7 hudumu na mpangilio wake mpaka karibu sentigredi 60. Ila unahitaji mvuke mwingi zaidi ili ubadilike. Unachopata huku unakipoteza kule, na anayetengeneza kihisi cha pwani ya Afrika Mashariki lazima achague mchanganyiko wake kwa hali ya hewa ya hapa.

Unyevu ni wa pili. Ganda la nyuzi nyingi za majaribio hutengenezwa kwa polima iitwayo PVP, ambayo huyeyuka majini. Kidole chenye jasho kinatosha kuiharibu, sembuse msimu wa masika. Watafiti wengine wametumia polima isiyoyeyuka majini, asidi ya polilaktiki, ambayo mara nyingi hutokana na mahindi. Huko ndiko matumaini yalipo.

La tatu ni kwamba uzi huu hauchagui. Toluini, asetoni na mivuke mingine ya jamii hiyo huweza kuulegeza, kila moja kwa kiasi chake. Utakuambia kuna mvuke. Hautakuambia ni upi. Njia ya kuufanya uchague ilionyeshwa mwaka 2001 na Rahul Shah na Nicholas Abbott wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Wao waliziegemeza molekuli za fuwele kioevu kwenye uso wenye chumvi za metali. Kemikali wanayoitafuta, ya jamii moja na sumu nyingi za wadudu, ilipofika, ilizing'oa molekuli hizo kutoka kwenye chumvi na kuchukua nafasi yake, na mwelekeo ukabadilika. Hiyo ni akili nzuri, na siku moja huenda ikamfaa mkulima anayepuliza dawa shambani.

Jambo moja lisichanganywe na haya yote. Kaboni monoksaidi, ile ya jiko la mkaa lililoachwa chumbani usiku au jenereta iliyowashwa ndani, haina harufu, na nyuzi hizi za kunasa mvuke wa thina si kinga yake. Hiyo ina vipima vyake maalumu. Mtu akikuuzia kifaa kimoja na kukuhakikishia kinanasa kila gesi, funga pochi yako. Muulize muuzaji yeyote wa kihisi: kinapima kemikali ipi, kinalia ikifika sehemu ngapi kwa milioni, kinavumilia joto na unyevu kiasi gani, na kinarekebishwa na nani baada ya muda gani. Akishindwa maswali mawili kati ya hayo, hajui anachouza.

Basi tufanye nini leo?

Hewa kwanza. Mvuke wa toluini ni mzito kuliko hewa takriban mara tatu, hivyo karibu na kopo au palipomwagika hukaa chini, sakafuni na kwenye shimo la gereji. Dirisha moja la juu halitoshi. Fungua mlango unaofika sakafuni, na upande wa pili pawe na njia ya hewa kutokea. Feni iwe nyuma yako ikisukuma mvuke nje. Isiwe mbele yako ikiuleta usoni. Pakiwezekana, piga rangi nje chini ya kivuli, mbali na mama lishe na watoto wa jirani. Feni na swichi za kawaida hutoa cheche, kwa hiyo palipomwagika thina nyingi au petroli usiwashe wala kuzima chochote cha umeme. Fungua milango, toka, ngoja.

Makopo yafunikwe hata kama utayatumia tena baada ya dakika tano. Matambara yenye thina yaingie kwenye debe la chuma lenye kifuniko. Ni mambo madogo, na hupunguza mvuke kuliko feni ya bei mbaya.

Barakoa ya hospitali, kitambaa au ile ya vumbi haizuii mvuke hata chembe. Inayozuia ni ya mpira yenye vichujio vya mkaa, na kwa alama za Ulaya kichujio cha mivuke ya jamii ya toluini huwa na mstari wa kahawia na herufi A. Kwa alama za Marekani huwa cheusi. Kwa mpiga rangi wa kupuliza kiongezwe kichujio cha vumbi, kwani matone ya rangi nayo huingia kifuani. Ndevu nyingi huzuia barakoa isikae sawasawa. Kichujio kisichotumika kifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa. Kikiachwa kinaning'inia ukutani kitaendelea kunyonya mvuke wa karakana usiku kucha.

Kunawa mikono kwa petroli au thina ni desturi iliyoenea, nayo iachwe, maana kemikali hizo hupenya ngozi. Mafuta ya kupikia kidogo hulainisha rangi ya mafuta, kisha sabuni na maji. Halafu kuna maziwa. Mafundi wengi huamini kikombe cha maziwa jioni husafisha kifua. Maziwa ni lishe nzuri na sina ugomvi nayo, lakini thina iliyovutwa huenda mapafuni na kuingia kwenye damu, wala haipiti kwenye njia ya maziwa.

Mwenzako akilegea au kuongea kilevi, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja. Akizimia lakini anapumua, mlaze ubavu, mpeleke hospitali na ubebe kopo lenyewe ili daktari asome lebo. Lakini akiwa ameanguka ndani ya tangi, kisima au shimo lenye mvuke, usimfuate. NIOSH ilitoa taarifa mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu za namna hiyo walikuwa wale walioingia kuokoa. Piga kelele, ita zimamoto, peleka hewa ndani, na avutwe kwa kamba kama alijifunga moja kabla ya kushuka. Ndiyo maana anayeshuka lazima ajifunge.

Mjamzito asikae kwenye mvuke huu. Na kijana anayevuta gundi mtaani anavuta toluini hii hii, kwa kiasi ambacho hakuna karakana inayokifikia. Ubongo wake unaharibika, na anahitaji mtu wa kumpeleka kwenye matibabu kuliko wa kumfukuza na fimbo.

Uliyeajiriwa, sheria iko upande wako. Tanzania Bara kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala uitwao OSHA. Kenya kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, chini ya kurugenzi iitwayo DOSHS. Zote zinamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama. Waombeni wakaguzi waje na vipima hewa, na siku watakayokuja kupima msifungue milango zaidi ya mnavyoifungua siku zote.